Fundi Aliyekimbia kwa Suruali Ndefu

Alikuwa anakimbia na suruali ya kitambaa. Ilikuwa suruali ya kijivu ya kwendea ofisini, yenye marinda mawili mbele na mfuko wa nyuma wenye kifungo, ambayo aliishona mwenyewe na kuilegeza mapajani ili isimbane akipanda mlima. Asubuhi za mwezi wa saba hapa Njombe, ukungu ukiwa umelala mpaka juu ya mabati na nyasi zimeganda nyeupe, suruali ile ilikuwa na maana. Lakini aliivaa hivyo hivyo Makambako, saa tano, jua likiwa kali. Nilipomuuliza sababu alinitazama kana kwamba nimemuuliza kwa nini ana pua.

"Mimi ni fundi cherehani, Mwalimu. Nikionekana barabarani na kaptula ya dukani, nani ataniletea kitambaa?"

Wote tulimwita Fundi. Jina lake la ubatizo nililisikia mara moja tu, kanisani, likitangazwa pamoja na majina ya wanakwaya wengine, na sikugeuka kwa sababu sikujua anayetajwa ni yeye. Alikuwa mfupi, mweusi wa kung'aa, mwenye miguu iliyopinda kidogo kwa nje na sauti ya besi ambayo hukuitegemea kutoka kwenye kifua kile. Tepu ya kupimia ilikuwa shingoni mwake tangu asubuhi hadi jioni, na sidhani kama mwenyewe alikuwa anaihisi tena.

Tulifahamiana kwa sababu ya sketi. Nilikuwa nafundisha jiografia sekondari, nimetoka kujifungua mtoto wa pili, na zahanati walikuwa wameniambia presha yangu imepanda kuliko inavyotakiwa kwa mtu wa umri wangu. Nilimpelekea Fundi sketi tatu zilizokuwa zinanibana, azitoe kiunoni. Akanizungushia tepu, akasoma, akairudisha shingoni.

"Umezidi inchi nne," alisema. "Sketi hizi zina akiba ya inchi mbili tu. Kwa hiyo nitatoa mbili kwenye sketi, na mbili utazitoa wewe."

Nilikasirika. Nilikuwa mgeni mtaani na sikuzoea kuambiwa hivyo na mtu nisiyemjua. Yeye hakuona kama amenikosea.

"Kesho saa kumi na mbili asubuhi, kwenye kona ya barabara ya Yakobi," alisema. "Uvae viatu vya kufunga kamba. Usinywe chai."

Sikwenda. Kesho yake nilipokuja kuchukua sketi, hazikuwa tayari. Wala kesho kutwa. Wiki ya pili nilikwenda kwenye kona ile saa kumi na mbili, hasa kwa sababu nilijua ndiyo sehemu pekee ambapo ningempata nimdai sketi zangu. Akasema tutaongea njiani. Tuliongea hatua kama mia mbili, kisha sikuwa tena na pumzi ya kuongea.

*

Hilo la sketi lazima nilieleze, kwa sababu watu wakisikia habari zake hudhani alikuwa mtu wa nidhamu katika kila kitu. Hakuwa. Katika miaka kumi na mmoja ya kukimbia naye, sikumbuki siku aliyochelewa kwenye kona. Mvua, ukungu, msiba wa jirani, yupo, anatembeatembea na kujipigapiga mapaja. Lakini nguo ya mtu hakuwahi kuimaliza siku aliyoahidi. Sare za watoto za mwezi wa kwanza zilitoka mwezi wa pili. Bibi harusi mmoja alivaa gauni ambalo pindo lake lilikuwa bado limeshikwa na pini, na Fundi mwenyewe alikuwa kwenye kwaya siku hiyo, anaimba besi bila wasiwasi wowote.

Mkewe alikuwa akisema, "Angekimbiza ile cherehani kama anavyokimbiza miguu, tungekuwa tumeshajenga Dodoma."

Mama huyo alikuwa mkulima wa viazi, mwanamke mrefu, mkimya, ambaye hakuwahi kumwona mumewe akishindana hata siku moja. Kukimbia kwa mtu mzima asiyefukuzwa na kitu alikuona ni kushiba. Fundi hakubishana naye. Akirudi kutoka mbioni alivua viatu, akachukua jembe na kumfuata shambani, na huko, kwa maelezo ya mkewe, alichoka baada ya matuta mawili.

Saa hakuwa nayo. Alisema saa inamfanya mtu aionee nafsi yake huruma. Lakini umbali alitaka kuujua kama anavyotaka kujua urefu wa mkono wa koti. Alifunga kitambaa chekundu kwenye tairi la mbele la baiskeli yake, akaipima barabara yote ya Yakobi akiisukuma kwa miguu na kuhesabu kitambaa kinavyozunguka. Kila mizunguko mia moja alihamisha punje moja ya harage kutoka mfuko wa kulia kwenda wa kushoto. Tangu hapo sisi tuliokimbia naye hatukusema kilomita. Kutoka kwenye kona mpaka kitalu cha miche ya misindano ilikuwa maharage kumi na mawili. Mpaka kwenye kidaraja, ishirini na sita. Nusu marathoni ilikuwa maharage mia moja kamili, na alifurahia sana hesabu hiyo ilivyokaa vizuri, kana kwamba waliobuni mbio zile walimfikiria yeye.

Tulikuwa wanne wakati tukiwa wengi. Mimi, muuguzi mmoja, dereva wa lori la mbao aliyekuja akiwa hana safari, na yeye. Siku nyingi tulikuwa wawili.

*

Kwenye mlango wa duka lake, upande wa ndani, aliandika kwa chaki ya kukatia nguo. Mstari mmoja tu. Hilo lilikuwa lengo lake la wakati huo, na halikufutwa mpaka litimie. Nimewahi kusoma pale "Kidaraja bila kusimama." Nimesoma "Kupanda Jumanne nne mfululizo." Mwaka mmoja niliona "Kutomtazama wa nyuma," nikamuuliza ni nini, akasema ana tabia ya kugeuza shingo kila baada ya muda na inamgharimu hatua.

Wiki yangu ya pili alinipa chaki.

"Andika na wewe."

Niliandika: *Kuwa na afya njema.* Alisoma, akafuta kwa kiganja.

"Afya si mahali, Mwalimu. Utajuaje umefika?"

"Kupunguza uzito, basi."

"Huo ni wa mzani. Andika kitu cha miguu."

Tulibishana mpaka mteja mmoja akachoka kusubiri. Mwishowe niliandika "Kitalu," neno moja. Maharage kumi na mawili bila kutembea. Ilinichukua majuma saba. Siku niliyofika nilishika uzio wa kitalu kwa mikono miwili, nikalia, na mlinzi wa pale akatoka kuuliza kama nimevamiwa. Fundi alimjibu, "Hapana, amefika tu." Tuliporudi dukani aliniachia mimi nifute.

Alikuwa na maneno yake kuhusu jambo hili, na aliyarudia bila kuona haya. Kwamba lengo kubwa ni zuri kwa kuwaambia wageni, lakini lengo dogo ndilo linalokuamsha, kwa sababu ukilishindwa huna pa kujificha. Kwamba hamu ya kukimbia haiji kitandani, hukutana nayo barabarani, kwa kawaida harage la tatu. Kwamba kila mtu anapaswa kujiandikisha kwenye mashindano angalau mara moja kwa mwaka, hata kama atakuwa wa mwisho, kwa sababu mazoezi yasiyo na tarehe yanageuka kuwa matembezi.

"Na mashindano yenyewe," alikuwa akimalizia, "ni wewe na nafsi yako. Wale wengine ni watu tu mnaotumia barabara moja."

Hili la mwisho lilikuwa uongo mtupu, na wote tulijua.

*

Makambako kuna mbio kila mwaka. Makanisa ya pale huziandaa, watu wanatoka Iringa, Mafinga na hata Makete, na wanaokimbia kwa kasi hasa ni vijana ambao sisi tulikuwa tunawaona mara mbili: mwanzoni, na pale wanapokutana na sisi wakiwa wanarudi. Njia yenyewe inakwenda na barabara ya kuja Njombe halafu inageuka. Mtu asiyeijua Makambako hufurahi nusu ya kwanza, upepo unamsukuma mgongoni. Nusu ya pili ndipo anapojua yuko wapi.

Kulikuwa na mzee mmoja wa Makambako, mstaafu wa reli, mrefu, mwenye mvi mpaka kwenye nyusi. Tulimwita Mzee wa Reli. Yeye na Fundi walikuwa karibu umri mmoja na karibu kasi moja, na kwa miaka minane walishindana wao kwa wao kama vile hakuna mtu mwingine barabarani.

Kabla ya kuanza walisalimiana vizuri sana.

"Kamwene, Fundi."

"Kamwene, mzee mwenzangu. Mama hajambo?"

"Hajambo. Viazi?"

"Vimekubali mwaka huu."

Kisha filimbi inalia na hakuna tena anayemwangalia mwenzake usoni. Nimemwona Fundi, mwanakwaya, mzee wa watu, akimziba mwenzake njia kwenye kona kwa kupanua viwiko. Nimemwona Mzee wa Reli akimwambia mtoa maji, "Huyu amesema hataki," na kupita na vikombe viwili. Baada ya mbio walikaa mbalimbali mpaka chai iletwe. Chai ikishaletwa walisogeleana na kuanza kubishana mahali hasa ambapo mmoja alimpita mwingine.

Mwaka mmoja nilikuwa nyuma yao kidogo. Walikuwa wamebakiza kama maharage kumi na matano, Fundi mbele, wakati soli ya kiatu cha Mzee wa Reli ilipobanduka na kuanza kupiga lami, pa, pa, pa. Fundi alisikia. Alikwenda hatua kama ishirini, akasimama, akarudi huku anasonya. Kwenye ukanda wa suruali yake kulikuwa na sindano nene na uzi wa nailoni, kama siku zote.

"Kaa chini. Lete mguu."

"Nenda, Fundi. Nitatembea."

"Nimesema lete mguu. Unafikiri nitafika pale niseme nimemshinda mtu asiye na kiatu?"

Alishona pale pale kandoni, amepiga magoti, mishono mikubwa ya haraka, akikata uzi kwa meno. Mimi niliwapita. Ndiyo mara pekee niliyowahi kuwapita. Walinyanyuka pamoja, na Mzee wa Reli, akiwa amepumzika vizuri huku mwenzake akishona, alimwacha Fundi hatua chache kabla ya kamba ya mwisho.

Fundi hakumsamehe mpaka Krismasi. Alikuwa anapiga cherehani ghafla anasimama na kusema, bila kumwambia mtu fulani, "Mishono kumi na minne nimempigia yule mtu." Lakini nilipomuuliza kama angefanya tena, alisema swali hilo ni la kijinga.

*

Mzee wa Reli alifariki miezi miwili kabla ya mbio za mwaka wa tisa. Moyo. Alikuwa ametoka kumwagilia mchicha wake, akaketi kwenye ngazi, na mkewe akadhani anavua viatu.

Tulikwenda msibani na basi la asubuhi, mimi na Fundi. Alibeba jeneza pamoja na wazee wa reli, akaimba, akala chakula cha msiba, akarudi Njombe. Kesho yake saa kumi na mbili nilisimama kwenye kona peke yangu. Niliona ni sawa, mtu amechoka. Wiki ikapita. Mwezi ukapita.

Kwenye mlango wake chaki ilikuwa inasema: *Kumpita Reli.*

Nilikwenda dukani nikiwa na maneno yake mwenyewe mdomoni. Nilimwambia hamu haiji kitandani. Alikuwa anatia uzi kwenye sindano, hakuinua kichwa.

"Najua. Mimi ndiye niliyekuambia."

"Sasa?"

"Sasa nini? Nilikuwa nadhani napenda kukimbia, Mwalimu. Miaka yote hii. Kumbe nilikuwa napenda yule mtu awe nyuma."

"Kuna watu wengine wa umri wako Makambako."

Hapo aliniangalia. "Na wewe mumeo akifa nitakuambia kuna wanaume wengine Makambako."

Niliondoka. Siku nyingine, kwa ujinga wa mtu anayetaka kusaidia, niliingia dukani wakati yeye ametoka kwenda sokoni kununua vifungo, nikafuta maneno yale na kuandika: *Kona, saa kumi na mbili, kesho.* Alikuja shuleni kwangu siku hiyo hiyo, akasimama nje ya ofisi ya walimu na tepu yake shingoni, akaniita kwa sauti ya upole iliyonitisha zaidi kuliko kelele.

"Kile kilikuwa changu kukifuta," alisema. "Hata kama hakitimii. Kilikuwa changu."

Niliomba radhi. Alikubali kwa kichwa, akaondoka, na kwa muda mrefu hatukuzungumza zaidi ya salamu.

Nami nilijifunza jambo ambalo halikunifurahisha. Bila yeye kwenye kona, sikuweza kuamka. Nilidhani nimeshakuwa mkimbiaji. Nilikuwa na viatu, nilikuwa na fulana tano za mashindano. Lakini mwezi wa sita ulipoingia na baridi yake, nilijikuta nimelala mpaka saa moja, nikijiambia kesho. Wiki tatu nzima. Presha ikapanda tena, na muuguzi wetu aliyenipima alinionyesha tu kile kipimo. Nilirudi barabarani kwa sababu ya aibu ya kipimo kile, peke yangu, na siku ya kwanza nilitembea kuanzia harage la tano. Niliona uchungu sana. Lakini siku ile ndiyo naihesabu kuwa ya kwanza kukimbia kwa miguu yangu mwenyewe. Mbio za Makambako za mwaka ule nilikwenda bila Fundi, nikamaliza vibaya, na kamwe hakuniuliza habari zake.

*

Aliyemrudisha alikuwa mjane wa Mzee wa Reli, na hakuwa na nia hiyo.

Alikuja Njombe na mfuko wa fulana. Zilikuwa nane, za mbio zote nane, zimefuliwa na kukunjwa. Alitaka Fundi azikate na kuziunganisha, azitie pamba katikati, ziwe blanketi la mjukuu. Makambako kuna baridi na fulana zile hazikuwa na mwingine wa kuzivaa. Nilikuwepo dukani siku hiyo, nimepeleka suruali ya mtoto, ndiyo kwanza tunaanza tena kuongea.

Fundi alizipokea kwa mikono miwili. Akaitandaza ya kwanza mezani, akaigeuza ndani nje kama anavyofanya fundi yeyote kutafuta mishono, na akasimama hapo hapo. Ndani ya pindo la chini kulikuwa na maandishi ya kalamu ya wino mzito. *Nyuma ya Fundi.* Akachukua ya pili. *Mbele ya Fundi.* Ya tatu, *Mbele ya Fundi.* Alizigeuza zote nane. Mjane alikuwa ameketi kwenye kiti cha wateja, ameshika mkoba wake magotini.

"Alikuwa anaandika akirudi tu, kabla hajaoga," alisema. "Nilimwambia wino hautoki. Akasema ndiyo maana."

Fundi alikuwa anahesabu. Nilimwona anagusa fulana moja moja kwa kidole, halafu anarudia.

"Tano kwa tatu," alisema.

"Ndiyo. Alikuwa akisema hivyo."

"Si kweli, mama."

Nilitamani kujificha. Mjane aliinua uso.

"Hii," Fundi alisema, akiinua fulana ya kijani. "Huu ulikuwa mwaka wa mvua. Ameandika mbele ya Fundi. Mwaka wa mvua nilimpita mimi. Pale kwenye mizani ya malori. Nilimpita na hakunipita tena."

"Alikupita kwenye uzio wa shule."

"Nani alisema?"

"Mimi nilikuwa kwenye uzio wa shule, Fundi. Nimeshika mwavuli. Alikupita huku wewe unageuza shingo kumtafuta upande mwingine."

Fundi alitazama fulana, akamtazama mjane, akatazama mlango. Kisha nikaona midomo yake inaanza kutetemeka, nikadhani atalia, na kwa kweli alilia kidogo, lakini kilichotangulia kilikuwa kicheko. Mjane naye akacheka, akafuta macho kwa ncha ya kitenge. Walicheka kama watu wawili waliokuwa wakizuia chafya kanisani.

"Tano kwa tatu," alirudia Fundi. "Yule mzee ameondoka ananiongoza kwa mbili, na anadhani imeisha."

"Haijaisha?" mjane aliuliza.

"Sheria ni ipi mtu asipofika kwenye mstari siku ya mashindano?"

Mjane alifikiri. Alikuwa mtu makini. "Ameshindwa," alisema. "Hata yeye angesema hivyo. Lakini lazima wewe umalize. Usipomaliza haihesabiwi."

"Nitamaliza."

"Nitakuwepo kwenye kamba," alisema mjane, kwa sauti ya mtu asiyeamini sana.

Kesho yake Fundi alikuwa kwenye kona, saa kumi na mbili, na suruali ya kijivu. Alikuwa ameongezeka uzito na alifika kidaraja akiwa hoi. Blanketi, kwa taarifa, lilichelewa miezi mitano.

*

Alimaliza mbio zilizofuata, za mwaka wa kumi. Alimaliza na za mwaka wa kumi na moja, goti likiwa limevimba, akitembea maharage ishirini ya mwisho dhidi ya upepo, mimi kando yake kwa sababu alinikataza kumsubiri na nikakataa kukatazwa. Mjane alikuwa kwenye kamba miaka yote miwili. Fundi alipovuka mara ya pili, mjane hakumpongeza. Alimwonyesha vidole vitano mkono huu, vitano mkono ule.

Tulidhani mwaka wa tatu atakwenda kuchukua ushindi. Muuguzi alisema goti litapona akilipumzisha. Dereva wa lori alikuwa tayari ameanza kumtania. Mtu aliyepanua viwiko kwenye kona, aliyenung'unikia mishono kumi na minne, angeachaje? Lakini siku ya kujiandikisha ilipofika, Fundi aliniandikisha mimi, akasema yeye atagawa maji pale panapogeuzwa njia.

"Mbio moja tu, Fundi," nilimwambia. "Sita kwa tano."

"Nitamshindaje mtu ambaye hawezi kujibu?"

"Umeshamshinda hivyo mara mbili."

"Nilikuwa namfikia," alisema. "Kumfikia mtu ni halali. Kumpita akiwa amelala, hapana."

Sikuwahi kumwona amekata shauri kwa wepesi namna ile. Aligawa maji miaka miwili, amevaa koti, akiwakaripia vijana kwa kutupa vikombe. Asubuhi za Njombe aliendelea kuja kwenye kona, lakini taratibu zaidi, mara nyingi akiishia kitalu. Kisha nilihamishiwa shule nyingine, upande wa Ludewa, na tukawa tunaonana likizo hadi likizo.

*

Mara ya mwisho kukaa naye ilikuwa mwaka jana, hospitalini. Aliteleza kwenye tope la shamba la viazi, akiwa amebeba debe, akavunjika nyonga. Mkewe alinipigia simu. Alisema, bila kicheko wala hasira, "Barabarani miaka yote salama. Shambani siku moja."

Nilimkuta wodini ameketi ukingoni mwa kitanda, amepungua, nguo za hospitali zikimning'inia mabegani kwa namna ambayo fundi mwingine yeyote angeionea aibu. Nilimwamkia, akaitika. Aliniuliza habari za watoto, za Ludewa, kama bado nakimbia. Nilisema asubuhi tatu kwa wiki. Aliitikia kwa kichwa, haikumshangaza wala haikumridhisha.

Mhudumu wa mazoezi, dada mmoja mchangamfu, alikuja na kile kitembeleo cha chuma chenye miguu minne. "Leo tunakwenda mpaka mlangoni, babu."

"Leo sijisikii," alisema Fundi.

"Jana pia hukujisikia."

"Basi unaona. Ni ugonjwa."

Mkewe aliangalia pembeni. Nilikuwa nimeshawahi kujaribu kumwamsha mtu huyu kwa maneno na najua yalifika wapi. Dada alibaki amesimama na kile chuma, mvua ikigonga dirishani.

Ndipo kwenye korido, mbele ya mlango uliokuwa wazi, alipopita mzee mmoja na kitembeleo kama hicho. Mzee mwembamba, kofia ya sufu, soksi mbili mbili. Alisogeza chuma, akavuta mguu, akasogeza chuma. Alipofika usawa wa mlango alituangalia sote kwa ustaarabu, akasema "Habari za hapa," na kuendelea.

Fundi alisubiri apite.

"Yule ni nani?"

"Ametoka Mawengi," alisema dada. "Alidondoka kwenye mparachichi. Nyonga, kama wewe."

"Lini?"

"Amefanyiwa upasuaji siku moja na wewe, babu."

"Siku moja na mimi."

"Asubuhi yeye, mchana wewe."

Fundi aliinamisha kichwa kidogo, akisikiliza chuma kikigonga sakafu kule koridoni. Kikasimama. Kikaanza tena.

"Anaishia wapi?"

"Kwenye lile dirisha la mwisho. Halafu anarudi."

"Kila siku?"

"Mara mbili."

Alinyoosha mkono. Dada alimsogezea kitembeleo, akamshika kwapani, mkewe akashika upande wa pili, na akasimama, uso umemkunjamana, jasho likimtoka mara moja kwenye paji. Alisogeza chuma. Akavuta mguu. Mlangoni dada alisema hongera, hapa panatosha kwa leo, turudi. Fundi hakuwa anamsikiliza. Alikuwa anatazama mgongo wa yule mzee wa Mawengi, ambaye alikuwa ameshagusa dirisha na sasa anageuka, taratibu, kuja upande wetu. Mzee yule alimwona Fundi mlangoni. Aliona kitembeleo. Nikaona anashika chuma chake vizuri zaidi na kuvuta mguu kwa haraka kidogo kuliko alivyokuwa akivuta.

"Wazee, jamani," dada alisema. "Taratibu."

Nilikuwa nimesimama koridoni mbele ya Fundi, mikono nimeitanguliza, ili akianguka nimdake.

"Mwalimu," alisema, bila kuniangalia, "sogea pembeni."

Nikasogea.